Mathe Amemaliza Matibabu ya Kansa? Kliniki Bado Haijaisha

Mathe amemaliza mionzi ya kansa ya mlango wa kizazi, daktari amesema matibabu yameshika, na hapo kwenu mmeshachinja kuku. Halafu tarehe ya kliniki inafika na anakwambia, "Si niko sawa? Hiyo nauli wacha tununue unga." Manze, usikubali.

Iko hivi. Kansa hii ikirudi, mara mingi hurudi ndani ya miaka 2 au 3 ya kwanza. Ndio maana daktari humtaka kila baada ya miezi 3 hadi 6 kwa miaka 2, kisha kila miezi 6 hadi 12 mpaka mwaka wa 5. Ikipatikana imerudi mahali pamoja tu, kuna wale bado hutibiwa wakapona. Ikishasambaa, hiyo ni stori ingine.

Na usidhani kila kliniki ni skani ya kumaliza doo. Zi. Kazi kubwa ni maswali na daktari kumpima kwa ndani. Skani huitishwa kukiwa na kitu kinashukiwa.

Kuna vitu havingoji tarehe: kutokwa na damu ukeni, maumivu ya nyonga au mgongo yasiyoisha, mguu kufura, kikohozi kisichosikia dawa, kukonda bila sababu. Hapo ni hosi mara moja.

Sasa ile sehemu watu hunyamazia. Mionzi hukausha uke na kuufanya ujibane. Tendo la ndoa linauma, mathe anamkwepa buda, buda anaanza kushuku mpango wa kando. Na dawa iko! Kuna vilainishi, na kuna kifaa laini cha kupanua uke ambacho nesi humfunza kutumia mwenyewe kwa nyumba. Hata asiye na mume anakihitaji, juu uke ukijifunga daktari hawezi kumpima vizuri. Mionzi pia huzima ovari, kwa hivyo hata dem wa miaka 29 anaweza kukoma hedhi na kuamka usiku amelowa jasho. Damu kwa choo au mkojo inaweza kutokea hata miaka baadaye. Si lazima iwe kansa, lakini asikae nayo.

Kama anatumia ARV, aendelee nazo.

Wewe weka tarehe ya kliniki kwa simu yako, na karatasi zake zote kwa faili moja. Msindikize. Daktari akianza kuuliza mambo ya chumbani, toka nje kidogo. Mbele yako hataongea.