Programu Isafiriyo na Masurufu Yake

Mtegemea cha nduguye hufa maskini. Methali hii naijua tangu utoto, lakini maana yake niliipata mwaka jana kwa aibu. Napenda kuwaeleza wasomaji wa gazeti letu, hasa wale waandikao programu, wasije wakaaibika kama mimi.

Mmoja wa wakubwa wetu waliosoma hapa sasa ni mwalimu katika shule moja ya vilimani, upande wa Nyamagabe. Alikuja Kigali wakati wa likizo, akaiona programu yangu ya kujumlisha alama za wanafunzi na kupanga nafasi zao. Akaipenda, akaomba nakala. Nikamtilia katika flashi, naye akapanda basi Nyabugogo akaenda zake. Muhula ulipokwisha akaibonyeza katika kompyuta ya shule yake. Haikufunguka. Shule ile haina intaneti, na wazazi walikuwa wakija kesho yake kuchukua ripoti. Basi akakesha na kikokotoo, akijumlisha alama za madarasa matatu. Aliponipigia simu hakunigombeza, alisema tu, “Mdogo wangu, umeniletea mgeni bila mkalimani.”

Neno lake ndilo sababu yenyewe. Kompyuta yafahamu maagizo ya namba tu, na maandishi yetu huifikia kwa njia mbili. Ya kwanza ni ya mfasiri: hugeuza kitabu kizima mara moja, kisha huenda zake, na kitabu chasomeka pasipo yeye. Ndivyo ilivyo lugha ya C, iliyotungwa na Dennis Ritchie huko Marekani mnamo 1972. Ya pili ni ya mkalimani: husimama kando ya mgeni na kugeuza maneno yake papo hapo. Akiondoka, mgeni hata akisema mchana kutwa hafahamiki. Python, iliyotolewa na Guido van Rossum mwaka 1991, huenda kwa njia hii.

Mkalimani wa Python alikuwamo katika kompyuta yangu, hakuwamo katika ile ya mwalimu. Tena palikuwa na kosa la pili. Kwa hesabu niliazima maktaba ya NumPy, ambayo kiini chake kimeandikwa kwa C na kufasiriwa tayari kwa aina fulani ya kompyuta. Vipande nilivyokuwa navyo vilikuwa vya Linux, na kompyuta ya mwalimu ni ya Windows. Hata ningalimpa mkalimani, vipande vyangu visingalimfaa kitu.

Dawa niliyoipata ni PyInstaller. Hiyo husoma maandishi yako, hutazama kila kitu yanachokiita, kisha hufunga pamoja maandishi, mkalimani na vile vipande vya C. Niliomba ruhusa ya kutumia kompyuta ya Windows hapa shuleni, nikaweka humo vyote vitakiwavyo, nikaandika:

pyinstaller --onefile alama.py

Katika folda ya dist nikakuta faili moja, alama.exe. Likibonyezwa, kwanza hufungua mzigo wake katika folda ya muda, ambayo jina lake huanza kwa _MEI, ndipo mkalimani aanze kazi. Programu ikifungwa, folda ile hufutwa. Ndiyo sababu huchelewa kidogo kuanza. Tena faili huwa zito: langu la kilobaiti chache likawa megabaiti makumi.

Yako mambo manne ya kuangalia. Kwanza, mzigo wa Windows ufungwe katika Windows, na wa Linux katika Linux. PyInstaller haivushi mtu mto huo. Pili, haioni yote: picha au orodha ambazo programu huzisoma, uzitaje mwenyewe kwa --add-data. Tatu, mzigo huu si sanduku la chuma. Mjuzi aweza kuufungua, kwa hiyo usitie nywila ndani. Nne, walinzi wa virusi pengine huushuku faili moja la namna hii. Jaribu kuacha neno --onefile, upate folda nzima badala yake.

Na kabla ya kumpa mtu, lifungue katika kompyuta isiyo na Python kabisa. Mimi nilijaribu katika kompyuta ya ofisi, na mara ya kwanza halikufunguka: nilikuwa nimesahau orodha ya masomo. Afadhali kuaibika ofisini kuliko kumkesha mwalimu tena.

Muhula uliofuata nilimpa flashi mwanafunzi aliyekuwa akirudi kwao Nyamagabe. Jioni moja mwalimu akanipigia: ripoti zimekwisha, jua halijatua, naye anakwenda kupumzika. Sasa ataka programu ya mahudhurio.