Barabara na Mali ya Nchi

Watu wengi husema ya kuwa barabara ikifika mahali, utajiri hufuata, kana kwamba utajiri ni abiria aliyepanda lori. Sivyo. Kazi ya barabara ni kupunguza kile kiliwacho na safari.

Yafaa tuanze na hesabu ya zamani. Mpagazi wa misafara alichukua mzigo wa ratli 60 hivi, na mtu huyo hana budi kula. Tuseme alikula ratli 2 za nafaka kila siku. Kama mzigo wake ulikuwa mtama, siku ya 30 amekwisha kuumaliza wote, wala hajapata chakula cha kumrudisha kwao. Ndiyo sababu misafara ya bara haikupeleka mtama pwani kuuza. Ilipeleka pembe za ndovu, ambazo bei yake yaweza kuwalisha wachukuzi na faida ikabaki. Na ndiyo sababu njaa iliweza kuua watu katika wilaya moja, hali ghala za wilaya ya mbali zimejaa. Hesabu hii huwapa wanafunzi wangu wa ualimu kila mwaka, nao wakiisha kupata jibu hunyamaza kidogo.

Sasa na tutazame upande wa Kusini wa Tanzania, yaani Lindi na Mtwara. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza shauri kubwa la kulima karanga huko Kongwa, na baadaye Urambo na Nachingwea. Kwa ajili ya mashamba ya Nachingwea ikajengwa reli, na Mtwara ikapewa bandari ya kina kirefu. Wenye shauri walihesabu karanga kabla hazijaota. Mwaka 1951 shauri likaachwa, na reli, iliyotazamia mzigo wa namna moja, ikawa haina mzigo wa kutosha. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 ikafungwa. Maana gari la moshi hutaka kulishwa kila siku, liwe na shehena au lisiwe nayo: makaa au mafuta, mishahara, matengenezo ya njia. Barabara ni nyenyekevu zaidi. Humpokea mwenye baiskeli na gunia moja la korosho, na mama mwenye kuku wawili.

Lakini barabara ya Kusini nayo ilikuwa na ugonjwa wake. Kati ya Lindi na Dar es Salaam upo mto Rufiji, na magari yalivuka kwa pantoni. Masika yalipofika mto ulifurika, na udongo mweusi wa mabondeni ukameza magurudumu. Fikirini habari za mfanya biashara anunuaye mazao Lindi wakati huo. Hajui kama lori lake litakaa njiani siku moja au siku kumi. Kwa kuwa hajui, huhesabu zile kumi, na hasara yake huikata katika bei ampayo mkulima. Basi tope la Rufiji lililipwa na mtu ambaye huenda hakuliona hata siku moja. Naye akienda dukani kununua sukari, aliilipia tope lile mara ya pili.

Mwaka 2003 Daraja la Mkapa lilifunguliwa juu ya mto ule, urefu wake karibu kilometa moja. Hata hivyo kilometa 60 hivi kutoka Ndundu hadi Somanga zilibaki bila lami kwa miaka mingi baadaye, na lori lililovuka daraja kwa dakika chache lilikwenda kukwama mbele. Mwezi wa Mei 2024, mvua kubwa na kimbunga Hidaya vilikata barabara hiyo, na kwa siku kadhaa mabasi na malori yakasimama kama zamani za pantoni.

Tena tusifichane: barabara huleta na mashindano. Sabuni na viatu vya kiwandani hufika kwa bei nafuu, na fundi wa kijijini hupoteza wateja. Ardhi ya kando ya barabara hupanda bei, na mara nyingi mnunuzi hutoka mbali. Mimi naona faida yazidi hasara, lakini fundi yule haioni hivyo, wala si mjinga.

Lililo kubwa kwangu ni vile vijia viendavyo shambani. Toka shamba mpaka lami huenda ikawa maili tano, na katika maili hizo hesabu ya mpagazi yangali hai. Safari hii mchukuzi ni mama mwenye kikapu kichwani. Fedha za kilometa moja ya lami zaweza kutengeneza kilometa nyingi za changarawe, zenye mifereji na makalvati. Afisa ajapo kijijini kuuliza barabara ipite wapi, na aonyeshwe kwanza mahali ambapo gunia hushindwa kutoka wakati wa masika.