Kwa nini mtunisha misuli anayejinyima kula hunenepa upesi baada ya mashindano

KISANGANI – Anayetaka kupanda jukwaani kuonyesha misuli huanza na sahani yake. Kwa kijana wa komini ya Mangobo, hiyo ina maana ya kuacha lituma, kuacha wali na mihogo, kula mlo mmoja kwa siku, kisha kuinua vyuma asubuhi na jioni. Wiki za kwanza mambo huenda vizuri: tumbo linaingia, misuli inachomoza, wenzake wanamsifu.

Kisha mzani unagoma. Anapunguza chakula tena, anaongeza mbio, lakini uzito haushuki. Anaanza kusikia baridi, jambo la ajabu katika mji ulio karibu kabisa na ikweta. Usiku hapati usingizi, mchana hana nguvu. Mashindano yakiisha, kilo alizopoteza zinarudi haraka, nyingi zikiwa mafuta.

Mtaani watasema amelegea. Ukweli ni kwamba mwili wake umejitetea.

Mwili haujui jukwaa

Mwili hautofautishi kati ya mtu anayejinyima chakula kwa ajili ya medali na mtu aliyekumbwa na njaa ya vita. Chakula kikipungua mno kwa muda mrefu, unapunguza umetaboli, yaani kazi ya kugeuza chakula kuwa nguvu. Ni kama mama anayeona makaa yanakwisha: anapunguza moto ili yafike hadi kesho.

Jambo hilo lilipimwa nchini Marekani mwaka 1944 na 1945. Mtafiti Ancel Keys aliwalisha vijana 36 wa kujitolea chakula kidogo kwa wiki 24, ili ijulikane namna ya kuwasaidia watu walioachwa na njaa baada ya vita. Walipoteza takriban robo ya uzito wao. Nguvu ambayo miili yao ilitumia wakiwa wamepumzika ilishuka kwa karibu asilimia 40. Mapigo ya moyo yalipungua, wakasikia baridi, na mawazo yao yote yakawa juu ya chakula. Waliporuhusiwa kula tena, mafuta yalirudi kabla ya misuli.

Kwa watunisha misuli, hali ni hiyo hiyo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulimfuatilia kwa miezi 12 mwanamume mmoja wa Marekani asiyetumia dawa za kuongeza misuli. Katika miezi 6 ya maandalizi, mafuta mwilini yalishuka kutoka asilimia 14.8 hadi 4.5. Lakini mapigo ya moyo wake akiwa amepumzika yalishuka kutoka 52 hadi 27 kwa dakika, na testosteroni ikabaki robo tu. Miezi 6 baada ya mashindano, nguvu zake za kuinua vyuma zilikuwa hazijarudi zote.

Wanawake nao hawasalimiki. Nchini Finland, watafiti waliwapima wanamichezo 27 waliojinyima kula kwa takriban miezi 4. Leptini, homoni inayouambia ubongo kwamba akiba ya mafuta ipo, ilishuka sana, na baadhi yao hedhi ilivurugika. Miezi 3 hadi 4 baadaye homoni nyingi zilikuwa zimerudi, lakini ile ya tezi ya thairoidi, inayoongoza kasi ya umetaboli, ilikuwa bado chini.

Njia ya mkato

Hapo ndipo wengine hutafuta vidonge. Wakongomani wanamkumbuka Muhammad Ali aliyemwangusha George Foreman mjini Kinshasa mwaka 1974. Oktoba 2, 1980, mjini Las Vegas, Ali alipanda ulingoni dhidi ya Larry Holmes akiwa na umri wa miaka 38, amepungua uzito na anapendeza kwa macho. Alikuwa akimeza dawa ya thairoidi. Umbo lilikuwepo, nguvu hazikuwepo: kona yake ilisimamisha pambano baada ya raundi ya 10.

Kwa mtunisha misuli Mohamed Benaziza mambo yalikuwa mabaya zaidi. Alifariki Uholanzi mwaka 1992, saa chache baada ya kushinda, mwili wake ukiwa umekaushwa maji kwa dawa za kukojosha.

Afanye nini basi?

Wataalamu wa lishe ya michezo hushauri kupunguza kati ya asilimia 0.5 na 1 ya uzito kwa wiki. Kwa mtu wa kilo 80, hiyo ni gramu 400 hadi 800 tu. Maandalizi yaanze miezi kadhaa kabla, si wiki tatu. Samaki, mayai, maharage, karanga na viwavi vya sokoni visikosekane, kwani ndivyo vinavyolinda misuli. Lituma ipunguzwe, isifutwe. Maji yanywewe hadi siku ya mwisho.

Baada ya mashindano, chakula kiongezwe kidogo kidogo, kwa sababu moto wa mwili bado uko chini wakati njaa iko juu.

Na dalili zisipuuzwe: baridi isiyoisha, kizunguzungu, moyo kwenda polepole, hedhi kukatika. Anayeziona aongeze chakula na aende kituo cha afya, hata kama mashindano ni wiki ijayo.