Ndege Aliyejeruhiwa: Tumhudumie Vipi Mpaka Aruke Tena?

 

Masika yanapoingia hapa kwetu pwani, na miembe na miarobaini ikajaa viota, hatukosi kumwona mwanafunzi anayekuja madrasa na boksi la viatu amelikumbatia kifuani. Ndani mna ndege. Pengine ni tetere aliyepigwa manati, pengine ni shorewanda aliyeponyoka kwenye makucha ya paka, na mara nyingi zaidi ni kinda aliyeokotwa chini ya mti. Swali huwa ni lile lile: "Maalim, tumpe nini?" Na kabla ya kujibiwa, ndege huwa ameshapewa maziwa na mkate uliolowekwa. Usiku hufa, asubuhi akazikwa chini ya mpapai, na mtoto akalia.

Mtoto huyo nia yake ilikuwa njema, na malipo ya nia yako kwa Mola wake. Lakini ndege naye amekufa, na mara nyingi hakuuawa na jeraha bali na huduma. Ndiyo maana tumeona mwaka huu tuiandike mada hii.

Tunamshika kwa ajili ya nini?

Sote tumesoma habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka. Tukiizingatia vizuri tutaona kwamba aliacha mambo mawili: alipomfungia hakumlisha, wala hakumwacha akajitafutia chakula chake katika ardhi. Maana yake ni kuwa mwenye kumzuia kiumbe ameshabeba dhima ya chakula, maji na afya yake, na akiwa haiwezi basi amwachie.

Hatusemi kwamba kufuga ndege ni haramu. Tunajua kisa cha mtoto Abu Umayr, ndugu yake Anas bin Malik, aliyekuwa na kindege chake cha kuchezea, na Mtume (s.a.w.) alikuwa akimtania kwa ajili yake. Wanavyuoni wamechukua hapo dalili kwamba inafaa kumweka ndege ikiwa hateswi na anapewa haki yake. Lakini ndege wa mwituni aliyejeruhiwa ni jambo jingine. Huyo si mali yetu. Ni mgonjwa tuliyemkuta njiani, amana iliyo mikononi mwetu mpaka apone. Anayemponyesha kisha akamtia tunduni awe pambo la baraza, au akamfunga uzi mguuni ili watoto wamchezee, amemnyang'anya kile kile alichokuwa akimrejeshea.

Sheria ya nchi nayo ina neno. Nchini Kenya, kwa sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013, kumweka mnyama wa mwituni bila ya kibali ni kosa. Na wenzetu wa Tanzania wana sheria yao ya mwaka 2009. Kwa hiyo ndege mwenye jeraha kubwa, na hasa ndege wakubwa kama mwewe, kipanga na korongo, taarifa yake ipelekwe mapema kwa KWS au ofisi ya wanyamapori iliyo karibu.

Makinda

Tuanze na hawa, kwa kuwa ndio wengi na ndio wanaookotwa bila ya haja.

Kinda aliyekwisha kuota manyoya, anayerukaruka chini huku mkia wake ukiwa bado mfupi, hajapotea. Yuko shuleni. Ndege wengi hutoka kiotani siku kadhaa kabla ya kujua kuruka sawasawa, na wazazi wao huendelea kuwalisha hapo chini. Mama yuko juu ya tawi anakutazama, anangoja uondoke. Dawa ya kinda huyo ni kumfukuza paka, kuwaita watoto wenzako waondoke, na kama yuko katikati ya njia, kumsogeza hadi kichakani hatua chache tu kutoka pale ulipomkuta.

Kinda asiye na manyoya ndiye mwenye haja ya msaada, na msaada wake ni kurudishwa kiotani. Wengi wetu tumeambiwa na bibi zetu kwamba ndege akinusa mkono wa mtu kwenye mtoto wake humtupa. Si kweli. Ndege wa bustanini hawamtupi mtoto wao kwa harufu ya mkono. Kama kiota kimeanguka, chukua kikapu kidogo au kopo lililotobolewa chini ili maji ya mvua yapite, tia majani makavu, lifunge juu ya mti ule ule, kisha kaa mbali utazame kwa saa moja au mbili. Aghlabu wazazi hurudi.

Hapa tukumbuke kisa alichokipokea Abu Daud, cha masahaba waliokuwa safarini wakachukua makinda mawili ya ndege, na mama yao akaja akawa anapigapiga mbawa kwa huzuni. Mtume (s.a.w.) aliporejea aliuliza ni nani aliyemtia ndege huyu uchungu kwa watoto wake, akaamrisha warudishwe. Na kuna sababu nyingine ya kuwarudisha, ambayo ni ya kawaida kabisa: kinda mdogo hulishwa kila nusu saa au chini ya hapo, tangu alfajiri hadi magharibi. Mwanafunzi mwenye shule asubuhi na chuoni jioni ataiweza kazi hiyo lini?

Kumshika na kumtuliza

Ndege mkubwa aliyeumia, yaani asiyeweza kuruka, anayeburura bawa, anayetoka damu au aliyekaa amejivimbisha macho yakiwa nusu yamefumba, mwendee kwa nyuma taratibu. Mrushie leso au kitambaa chepesi kimfunike kichwa na mwili. Akishakuwa gizani hutulia. Mkunje mbawa zake ubavuni kama zilivyo kawaida, umnyanyue kwa mikono miwili.

Usimbane kifua. Hili tunalirudia kila mwaka. Ndege hana kile kiwambo kinachotusaidia sisi kupumua; yeye hupumua kwa kuinua na kushusha mfupa wa kifua chake. Mtoto anayemshika ndege kwa nguvu ili asikimbie anaweza kumkata pumzi bila ya kujua, na ndege hufa mkononi bila ya kulia.

Mtie ndani ya boksi la karatasi lenye matundu madogo, chini utandike kitambaa kisicho na nyuzi za kunasa kucha. Tundu la waya halifai, kwani atajipiga na kuvunja manyoya ya mbawa, na bila ya manyoya hayo hataruka hata akipona. Mwili wa ndege una joto la nyuzi 40 hadi 42, kuliko wetu wa nyuzi 37, na ndege aliyeshtuka hupoa haraka. Jaza chupa maji ya uvuguvugu, izungushe kitambaa, uiweke upande mmoja wa boksi ili akiona joto limezidi aweze kusogea. Kisha lifunike boksi na uliweke mahali pa giza, kimya, mbali na televisheni, paka na wageni.

Halafu mwache. Hili ndilo gumu kuliko yote, kwa sababu kila ndugu anataka kufungua achungulie. Kwa ndege sisi ni wawindaji, na kila tunapofungua moyo wake huenda mbio. Ndege aliyegonga ukuta au kioo cha dirisha, akakaa gizani saa moja au mbili, mara nyingi huamka mzima na akawa tayari kwenda zake.

Maji na chakula

Usimtilie maji mdomoni. Ukiutazama mdomo wa ndege ulio wazi utaona tundu dogo nyuma ya ulimi: hilo ni tundu la pumzi, na tone ulilolitia kwa huruma huingia mapafuni. Akishatulia na kusimama mwekee maji katika kifuniko kisicho na kina, atakunywa mwenyewe. Maziwa asipewe kabisa, kwani ndege hakuumbwa kunyonya na tumbo lake haliyawezi. Mkate nao humjaza bila ya kumpa nguvu.

Kuhusu chakula chenyewe, mdomo wake ndio utakaokuonyesha. Mwenye mdomo mfupi mnene, kama chiriku na mnana, hula nafaka: uwele, mtama, chenga za mchele. Tetere na njiwa vile vile hula nafaka. Mwenye mdomo mwembamba hula wadudu, kwa hiyo mtafutie panzi na mchwa; vikikosekana, kiini cha yai la kuchemsha kilichopondwa kitamsogeza siku moja. Shorewanda hupenda pia papai lililoiva. Chozi, yule mdogo mwenye mdomo uliopinda, huishi zaidi kwa utomvu wa maua na hawezi kukaa na njaa kwa saa nyingi. Mwekee kijiko kimoja cha sukari katika vijiko vinne vya maji, iwe ni ya kungojea msaada tu. Usimpe asali. Pamoja na shifaa iliyomo kwa wanadamu, asali iliyochanganywa na maji huchacha upesi na kumdhuru.

Majeraha mawili yasiyongoja

La kwanza ni la paka. Hata kama huoni ila tundu dogo la jino, mdomo wa paka una bakteria wanaoingia katika damu ya ndege na kumuua kwa siku moja au mbili. Ndege huyo apelekwe kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo apate dawa. La pili ni bawa lililovunjika. Mfupa wa ndege ni mwepesi, mwingi wao una uwazi ndani, na hushikana upesi, baada ya wiki mbili au tatu tu. Wepesi huo ni neema kwa aliyewahiwa, na ni msiba kwa aliyecheleweshwa, kwani mfupa ukishashikana kombo hataruka tena. Msifunge vijiti wenyewe. Mtulizeni ndani ya boksi dogo asiweze kupigapiga, mkampeleke.

Bundi na kunguru

Tumeulizwa na baadhi ya wazazi kama inafaa kumhudumia bundi. Swali hili lina sababu, kwani hata leo bundi akitua juu ya paa kuna wanaomrushia mawe wakidai analeta mauti. Waarabu wa zama za ujahili nao waliamini kwamba roho ya aliyeuawa hugeuka bundi na kulia mpaka alipiziwe kisasi, na Mtume (s.a.w.) akaikanusha itikadi hiyo pamoja na itikadi ya mikosi kwa jumla. Bundi mwenye uso mweupe mfano wa moyo, anayelala mapaani na katika majumba mabovu, hula panya wetu usiku kucha. Akiletwa ahudumiwe kama mwingine, ila mfunike kwa kitambaa kizito kwa sababu ya makucha yake. Chakula chake ni nyama mbichi au panya mzima, lakini ole wenu mkampa panya aliyekufa kwa sumu.

Kunguru wa mjini ana habari yake. Ndege huyu si mwenyeji. Aliletwa Unguja kutoka India mwishoni mwa karne ya 19 akaenea pwani nzima, naye hula mayai na makinda ya ndege wengine. Mwaka 2024 serikali ya Kenya ilitangaza mpango wa kuwapunguza. Na katika hadithi kunguru ametajwa miongoni mwa viumbe wanaoruhusiwa kuuawa hata na aliyehirimia. Lakini ruhusa ya kuua si ruhusa ya kutesa. Kumfunga kamba kunguru aliyevunjika bawa na kumburura barabarani, kama tulivyoona vijana wakifanya, hakuna kitabu kinachokuruhusu.

Usafi

Kila ukimgusa ndege au boksi lake, osha mikono kwa sabuni, kwani ndege wana maradhi yanayotuingia. Mkikuta ndege wengi wamekufa pamoja msiwaguse, ipasheni habari ofisi ya mifugo. Na kwa madhehebu yetu ya Imam Shafii (r.a.) kinyesi cha ndege ni najisi, kwa hiyo awe na nguo yake maalumu ya kumhudumia na asiswali nayo.

Siku ya kumwachia

Dalili za kupona ni hizi: anakula mwenyewe, anasimama sawa kwa miguu yote miwili, mbawa zimelingana, na ndani ya chumba kilichofungwa madirisha anaruka kutoka sakafuni hadi juu ya kabati bila ya kuyumba. Dalili nyingine wengi huihesabu kuwa ubaya: anakukimbia. Ndege anayekuja begani ukimwita ameharibika, na paka wa kwanza atamla. Kwa hiyo tangu siku ya mwanzo msimpe jina, msiongee naye, msimpapase.

Mpelekeni pale pale mlipomwokota, kwani ndipo anapojua maji, chakula na wenzake. Iwe asubuhi, jua likishapanda kiasi cha dhuha, siku isiyo na mvua wala upepo mkali, ili awe na mchana mzima mbele yake. Bundi yeye huachiwa baada ya magharibi. Msimrushe juu. Liwekeni boksi juu ya ukuta au chini ya kichaka, lifungueni kuelekea mitini, mrudi nyuma hatua ishirini mkae kimya. Wengine hutoka mara moja, wengine huchungulia kwanza. Ikipita nusu saa naye hajatoka, lifunikeni boksi, mrudini naye nyumbani, mjaribu tena kesho asubuhi.