PICHA KUTOKA MTAANI, PICHA KWENDA MTAANI: Maisha na Kazi ya Boniface Mwangi

1.0 Utangulizi

Kiambishi -ni cha mahali katika Kiswahili hakibagui atokako mtu, aendako na alipo. Twasema "natoka mtaani", "naenda mtaani" na "niko mtaani", na neno lenyewe halibadiliki. Kitenzi ndicho kinachotuonyesha maana iliyokusudiwa. Makala haya yanakusudia kueleza maisha na kazi ya mpiga picha wa Kenya, Boniface Mwangi, kwa kufuata maana hizo tatu. Hoja yetu ni kwamba picha ya maandamano au ya machafuko haikamilishi kazi yake inapochapishwa gazetini. Huikamilisha inaporejeshwa mbele ya wale iliowahusu.

Jambo hili si geni kwa msomaji wa Sake. Mji huu, ulio kiasi cha kilomita 25 magharibi ya Goma, umepigwa picha mara nyingi: Novemba 2006 ulipotwaliwa na askari wa Laurent Nkunda; Mei 2021 wakazi wa Goma walipoukimbilia baada ya kulipuka kwa Nyiragongo; na Januari 2025 ulipotekwa na kundi la M23. Picha hizo zilienea ulimwenguni, lakini nyingi zilipigwa ili zitazamwe kwingine. Ndiyo sababu mfano wa Mwangi unastahili kuchunguzwa hapa kwetu.

2.0 Malezi na mwanzo wa kazi

Boniface Mwangi alizaliwa mwaka 1983 huko Taveta, karibu na mpaka wa Kenya na Tanzania. Alilelewa na mama yake peke yake, naye akiwa mtoto alimsaidia mama huyo kuuza vitabu katika mitaa ya Nairobi. Mama alifariki kijana huyo akiwa na umri wa miaka 17. Baadaye alijiunga na chuo cha Biblia kwa nia ya kuwa mchungaji, na ni katika kipindi hicho aliposoma habari za maisha ya Mohamed Amin.

Inafaa kumtaja Amin kwa ufupi. Alizaliwa Nairobi mwaka 1943, na picha alizopiga Ethiopia mwaka 1984 ziliufanya ulimwengu uitambue njaa iliyokuwa ikiwaua watu huko. Mwaka 1991 alipoteza mkono katika mlipuko wa ghala la silaha mjini Addis Ababa, na mwaka 1996 alifariki katika ajali ya ndege iliyotekwa nyara na kuanguka karibu na Komoro. Kwa Mwangi, maisha hayo yalithibitisha kwamba Mwafrika aliyeshika kamera anaweza kulisimulia bara lake mwenyewe. Aliacha nia ya uchungaji, akajifunza upigaji picha, kisha akaajiriwa na gazeti la The Standard.

3.0 Picha kutoka mtaani

Uchaguzi mkuu wa Kenya ulifanyika tarehe 27 Desemba 2007. Matokeo yalipotangazwa siku tatu baadaye, nchi iliingia katika machafuko yaliyoendelea hadi mapatano ya tarehe 28 Februari 2008 chini ya usuluhishi wa Kofi Annan. Tume ya Jaji Waki ilihesabu vifo 1,133. Mwangi alikuwa miongoni mwa wapiga picha walioyaandama machafuko hayo hatua kwa hatua: waandamanaji na polisi, nyumba zikiteketea, vijana wenye mapanga, majeruhi na maiti.

Kazi hiyo ilimpatia sifa. Alitunukiwa tuzo ya mpiga picha wa habari wa Afrika katika mashindano ya CNN MultiChoice mwaka 2008 na tena mwaka 2010. Hata hivyo, ameeleza hadharani kwamba aliyoyaona yalimwacha na majeraha ya moyo, na kwamba aliumizwa zaidi kuona wanasiasa wakigawana madaraka ilhali walioumia wamesahauliwa. Hapa ndipo tatizo la maana ya kwanza linapodhihirika. Picha ilitoka mtaani, ikafika gazetini na kwenye majukwaa ya tuzo. Mtaa wenyewe ukabaki pale pale.

4.0 Picha kwenda mtaani

Mwaka 2009 Mwangi alianzisha Picha Mtaani, maonyesho ya picha za machafuko yaliyozunguka katika miji ya Kenya. Hayakufanyika katika majumba ya sanaa bali mahali pa wazi, wapitapo watu wa kila namna. Mtu aliyekuwa akienda sokoni aliweza kusimama bila kiingilio na kuyatazama yaliyotendeka katika nchi yake. Pamoja na picha palikuwa na mazungumzo, na watazamaji walialikwa kuahidi kwamba hawatarudia vitendo vile.

Katika jina hili kiambishi -ni kinabeba mzigo wote. Kwa kuwa hakuna kitenzi, maana zote zinabaki wazi: ni picha zilizotoka mtaani, zinazopelekwa mtaani na zinazokaa mtaani. Mwenye jina hili hakuhitaji kuchagua.

Pana pingamizi linalopaswa kupimwa. Yaweza kusemwa kwamba kuonyesha maiti na damu mbele ya walioathirika ni kukitonesha kidonda, na kwamba picha yaweza kuchochea kisasi. Pingamizi hili lina uzito, hasa pale mwuaji na mfiwa wanapoishi mtaa mmoja. Lakini kuzificha picha hakufuti kumbukumbu. Huiacha kumbukumbu mikononi mwa uvumi, na uvumi humchagulia kila mtu adui wake. Picha iliyotundikwa hadharani, ikiwa na mtu wa kuieleza na nafasi ya kuijadili, hutazamwa na pande zote kwa wakati mmoja. Kinachoamua basi si picha peke yake bali ni namna inavyoonyeshwa.

5.0 Mpiga picha mtaani

Maana ya tatu ni ya mpiga picha mwenyewe kusimama mtaani. Tarehe 1 Juni 2009, katika sherehe za Madaraka, Mwangi alimzomea Rais Mwai Kibaki uwanjani Nyayo, akakamatwa. Mwaka 2011 alianzisha PAWA254, kituo cha wasanii na wanaharakati mjini Nairobi. Jina lake limeundwa kwa neno la mkopo "pawa" na namba ya simu ya Kenya. Mwaka 2012 kundi lake lilichora ukutani wanasiasa kwa sura ya tumbusi, ndege mla mizoga, na Mei 2013 waandamanaji walipeleka nguruwe mbele ya Bunge kupinga wabunge kujiongezea mishahara. Tunaona hapa jicho la mpiga picha likiendelea kufanya kazi, kwani maandamano yenyewe yalipangwa ili yawe picha isiyohitaji maelezo.

Mwaka 2017 aligombea ubunge wa Starehe akashindwa. Filamu ya Sam Soko iitwayo Softie, iliyotoka mwaka 2020, ilimweka mbele ya kamera yeye na jamaa yake. Mei 2025 alikamatwa Dar es Salaam alikokwenda kuhudhuria kesi ya Tundu Lissu. Yeye na Agather Atuhaire wa Uganda walieleza baadaye kwamba waliteswa kizuizini.

Je, shahidi akiwa mshiriki, ushahidi wake haupungui? Kwa kiasi fulani hupungua, kwa maana hawezi tena kudai kwamba hana upande. Lakini picha zake za 2007 na 2008 hazibadilishwi na aliyoyafanya baadaye. Tunapaswa kuzisoma kazi hizi mbili kila moja kwa kanuni zake.

6.0 Hitimisho: fundisho kwa Kongo

Kongo ni miongoni mwa nchi za mwanzo ambako kamera ilitumika kupinga dhuluma. Mwaka 1904 mmisionari Mwingereza, Alice Seeley Harris, alimpiga picha Nsala wa Wala akiutazama mkono na mguu wa binti yake aliyeuawa katika udhalimu wa biashara ya mpira. Picha kama hizo zilionyeshwa katika kumbi za Uingereza na Marekani, zikasaidia kampeni iliyomlazimu Leopold II kuiachia Ubelgiji nchi hiyo mwaka 1908. Zilifanya kazi kubwa, lakini watazamaji wake walikuwa ng'ambo.

Leo hali ni tofauti. Harakati ya LUCHA ilizaliwa Goma mwaka 2012, na Filimbi, yenye jina la Kiswahili, ilianzishwa Kinshasa mwaka 2015. Vijana wanajipiga picha wenyewe kwa simu zao. Kilichopungua si picha, bali ni mahali pa kuzitundika na mtu wa kuandika chini yake, kwa lugha inayosomwa na wapita njia, tarehe, mahali na tukio. Kazi hiyo ya mwisho ni ya wanafunzi wa Kiswahili. Picha isiyo na maelezo, baada ya miaka michache, kila mtu ataisemesha atakavyo.