Kumkabidhi Mtu Ulimi Wako: Utangulizi wa Kutafuta Wakili wa Shauri la Madai

Kama umewahi kuhudhuria ndoa ya Kiislamu, neno wakili si geni kwako. Baba wa bibi harusi asiyeweza kufika, au anayeona haya kuozesha kwa mdomo wake, humpa shekhe uwakili. Shekhe akishatamka "nimekuozesha", aliyeozesha ni baba. Hakuna atakayerudi kesho kudai kwamba yale yalikuwa maneno ya shekhe tu. Wakili, wakala, uwakilishi, kuwakilisha: yote hayo ni ndugu wa ukoo mmoja wa Kiarabu, na ndani yake mna maana ya kukabidhi. Jambo langu nimelitia mikononi mwako.

Nimeanzia msikitini kwa makusudi. Nimefundisha kwa miaka mingi sheria ya mwenendo wa madai, yaani kanuni zinazoeleza jinsi shauri linavyofunguliwa, linavyosikilizwa na linavyomalizwa. Katika miaka yote hiyo ndugu na majirani wameniomba jambo moja kuliko mengine yote: "Mwalimu, nitafutie wakili mzuri." Zamani nilikuwa nawapa jina. Siku hizi nawakalisha kitini kwanza, nawaeleza wanachotaka kukabidhi na kwa nani. Karibu nawe ukae.

Tuanze na madai yenyewe. Shauri la madai ni mgogoro ambamo mtu anamlalamikia mwenzake, au kampuni, au hata Serikali, akitaka haki yake: kiwanja, deni, fidia ya ajali, mirathi, mgawanyo wa mali baada ya talaka. Anayefungua shauri huitwa mdai, anayejibu huitwa mdaiwa. Jinai ni jambo jingine: huko Jamhuri ndiyo inayomshtaki mtu kwa kosa, na polisi hufanya upelelezi. Katika madai hakuna mpelelezi wa kukusaidia. Ushahidi utautafuta mwenyewe. Faraja ni kwamba hudaiwi kuthibitisha pasipo kuacha shaka kama katika jinai. Inatosha mahakama ione kwamba maelezo yako yana uwezekano mkubwa wa kuwa kweli kuliko ya mwenzako.

Hapo wengi huuliza kama ni lazima kuwa na wakili. Si lazima. Hapa Tanzania Bara, sheria inamruhusu mtu kusimama mwenyewe, na katika Mahakama za Mwanzo mawakili hawakuruhusiwa kabisa hadi sheria iliporekebishwa mwaka 2021, tena wanaruhusiwa pale tu anapokaa hakimu mkazi. Deni dogo lenye maandishi safi unaweza kulidai bila kumlipa mtu. Lakini kadiri mali inavyokuwa kubwa na wadaiwa wanavyoongezeka, ndivyo kanuni zinavyokuwa na miiba.

Sasa tutenganishe maneno mawili ambayo mitaani huchanganywa kila siku. Mwanasheria ni mtu yeyote aliyesomea sheria. Anaweza kuwa mwalimu kama mimi, ofisa wa benki au mshauri wa wizara. Wakili ni mwanasheria aliyevuka hatua nyingine. Kwa kawaida, Tanzania Bara, baada ya shahada hupitia Shule ya Sheria kwa Vitendo, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2007, kisha Jaji Mkuu humpokea na jina lake likaandikwa katika Orodha ya Mawakili. Hata hapo hajamaliza: kila mwaka ni lazima awe na cheti hai cha kumruhusu kufanya kazi ya uwakili. (Nazungumzia Bara. Zanzibar ina mahakama zake na chama chake cha wanasheria, ingawa rufaa nyingi za pande zote mbili hukutana katika Mahakama ya Rufani ya Tanzania.)

Cheti hicho kinaonekana kama karatasi ya ofisini tu, lakini Mahakama ya Rufani imekwisha kusema kwamba anachofanya wakili asiye na cheti hai hakina nguvu ya kisheria. Kwa maneno mengine, umelipa, umesubiri, na nyaraka zako zikatupwa kwa kosa ambalo si lako. Majirani zetu Kenya wamelitazama jambo hilohilo kwa jicho tofauti: mwaka 2015 Mahakama yao ya Juu iliamua kwamba hati haibatiliki kwa sababu tu aliyeiandaa hakuwa na cheti, maana mteja asiyejua asiadhibiwe kwa dhambi ya mwingine. Moyo wangu uko upande wa Nairobi. Shauri lako, hata hivyo, liko Dar es Salaam.

Habari njema ni kwamba kukagua ni kazi ya dakika tano. Mahakama ya Tanzania ina mfumo wa mtandaoni uitwao e-Wakili, ambamo unaandika jina la mtu ukaona kama yumo katika Orodha na kama cheti chake ni hai. Chama cha Mawakili Tanganyika nacho kinawajua wanachama wake. Fanya hivyo bila aibu, hata kama aliyekuelekeza ni shemeji. Wale tunaowaita vishoka, watu wanaozunguka viunga vya mahakama na mhuri mfukoni, wanaishi kwa haya zetu.

Tuseme sasa shangazi yako alinunua kiwanja Chanika. Amekaa nacho miaka sita, amejenga msingi, halafu anatokea mtu mwenye mkataba wa zamani zaidi, kutoka kwa muuzaji yuleyule. Shangazi anataka wakili mwenye uzoefu. Uzoefu wa nini?

Watu husikia neno uzoefu wakafikiria mvi. Mimi nina kisa cha kunifunza. Binamu yangu mmoja nilimpeleka kwa wakili niliyemheshimu sana, bingwa wa kesi za jinai, mtu ambaye mahakama ilitulia akisimama. Kiwanja cha binamu kilihusu pia halmashauri, na wakili wetu akaiunganisha kama mdaiwa mmojawapo, kisha akafungua shauri katika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Siku ya kwanza upande wa pili ulileta pingamizi la awali, yaani hoja ya kisheria inayosema shauri hili halifai hata kusikilizwa. Tangu mwaka 2020, anayeishtaki halmashauri au hata halmashauri ya kijiji anapaswa kutoa notisi ya siku 90, kumuunganisha Mwanasheria Mkuu wa Serikali, na kwenda Mahakama Kuu. Shauri likaondoshwa bila shahidi hata mmoja kufungua kinywa. Wakili yule alikuwa na mvi za kutosha. Njia ile tu hakuwa ameipita.

Kwa hiyo uzoefu unaoutafuta una sura mbili: aina ya jambo, na mahali linaposikilizwa. Wakili aliyezoea ardhi atamuuliza shangazi mambo ambayo mwingine hatayakumbuka. Je, mmekwisha kupita Baraza la Kata? Tangu mwaka 2021 baraza hilo halitoi hukumu tena, linasuluhisha tu, na wakili haruhusiwi kusimama mbele yake. Lakini bila kuupitia mlango huo, Baraza la Wilaya halitausikiliza mgogoro wa umiliki. Baraza la Kata likishindwa kuwapatanisha ndani ya siku 30, mnaweza kuendelea. Je, kiwanja kina thamani gani? Kisipozidi shilingi milioni 300 kinaweza kwenda Baraza la Wilaya. Kikizidi, Mahakama Kuu. Ukubwa na mipaka yake imeelezwaje? Mashauri yameanguka kwa sababu hati ya madai, yaani maandishi ya kwanza ya mdai, ilisema "kiwanja kilichopo Chanika" basi, kana kwamba Chanika ina kiwanja kimoja. Na muuzaji je? Anayedai kwamba alinunua hushauriwa kumuunganisha aliyemuuzia, kwa kuwa yeye ndiye anayejua alimuuzia nani kwanza.

Kisha atauliza tarehe. Sheria ya Ukomo, ile inayoweka muda wa mwisho wa kufungua shauri, inatoa miaka 12 kudai ardhi, 6 kwa mkataba, na 3 tu kwa madhara kama kashfa au kuumizwa kwa uzembe. Rufaa kutoka Baraza la Wilaya kwenda Mahakama Kuu ni siku 45. Wakili ambaye hajauliza tarehe katika nusu saa ya kwanza ananitia wasiwasi kuliko asiye na zulia ofisini.

Utampataje mtu huyo? Nina njia moja ambayo haihitaji kufahamiana na mtu. Mahakama ziko wazi kwa umma. Nenda asubuhi mahali shauri lako litakaposikilizwa, ukae benchi la nyuma, utazame. Nawapeleka wanafunzi wangu kila mwaka. Utamwona anayefika na jalada lililopangwa na anayeomba ahirisho la tatu; anayemhoji shahidi kwa maswali mafupi na anayegombana naye. Ukitoka, waulize wateja walio koridoni. Watakuambia zaidi ya kibao chochote cha barabarani.

Mkikutana, mweleze yote, na hasa yale yanayokuumiza. Mazungumzo yenu yanalindwa na sheria. Hawezi kuyatoa bila ridhaa yako. Kama shangazi alimlipa muuzaji nusu tu, ni heri wakili alisikie ofisini kuliko alisikie mahakamani kutoka kwa adui. Muulize kama amewahi kumtetea muuzaji au yule mnunuzi mwingine. Huo ni mgongano wa masilahi, hali ya mtu kutaka kuwatumikia wawili wanaopingana. Muulize pia udhaifu wa shauri uko wapi. Anayekuahidi ushindi siku hiyohiyo ameahidi kitu ambacho si chake, maana hukumu ni ya jaji.

Kuhusu fedha nitasema kidogo. Kuna Amri ya Malipo ya Mawakili ya mwaka 2015 inayotoa viwango vya kuongoza, lakini kwa kawaida mtapatana. Ada ya maelekezo ni malipo ya kuichukua kazi yenyewe. Gharama za uendeshaji, kama ada za kufungulia shauri na nauli, ni jambo la pembeni. Yaandikwe yote mawili: kazi gani, hadi hatua gani, rufaa imo au haimo, malipo kwa awamu zipi. Ada za mahakama hulipwa kwa namba ya malipo ya Serikali, hivyo risiti yake ipo, iombe. Akitaka alipwe kwa kipande cha kiwanja chenyewe, ondoka. Asiye na uwezo asikate tamaa: Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua watoa msaada na wasaidizi wa kisheria, na taasisi kama Chama cha Wanasheria Wanawake na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu zimefanya kazi hiyo kwa miongo.

Turudi msikitini kidogo. Baba aliyetoa uwakili bado anataka kujua ndoa imefungwa saa ngapi. Mahakama zetu zimesema mara nyingi kwamba uzembe wa wakili pekee si sababu ya kutosha ya kuongezewa muda, na mteja anatarajiwa kufuatilia jambo lake. Kamati ya Mawakili inaweza kumwadhibu wakili aliyekosa nidhamu, lakini haiwezi kukurudishia siku zilizopita. Basi uwe na daftari: tarehe ya shauri, kilichotokea, tarehe ijayo.

Siku ya kwanza shangazi aende na bahasha moja. Ndani yake kuwe na nakala ya mkataba wa mauziano, risiti, majina na simu za mashahidi waliotia saini, na ukurasa mmoja wa matukio kwa tarehe. Hati za asili zibaki kabatini mpaka zitakapotakiwa. Na aangalie kama mkataba ulilipiwa ushuru wa stempu, ile kodi ya hati ambayo wengi wetu tuliiruka kwa haraka ya kuhamia. Hati isiyolipiwa haipokelewi kama ushahidi. Kasoro hiyo hurekebishika kwa kulipa ushuru na faini, na ni rahisi kuirekebisha akiwa amekaa ofisini kwa wakili kuliko akiwa amesimama kizimbani na jaji anasubiri.