Kanuni ya Parkland

Kanuni ya Parkland ni hesabu inayotumiwa hospitalini kukadiria maji ya dripu anayohitaji mtu aliyeungua sana katika saa 24 za kwanza. Ina jina la hospitali ya Parkland mjini Dallas, Texas (Marekani), alikofanya kazi daktari Charles Baxter aliyeiunda pamoja na wenzake katika miaka ya 1960.

Mtu akiungua eneo kubwa, mishipa midogo ya damu huvuja. Maji na chumvi hutoka kwenye damu na kuingia katika nyama za mwili, hata mgonjwa akavimba mahali ambapo moto haukufika. Damu ikipungua, figo hukosa damu ya kutosha, na mtu aliyefika akizungumza vizuri anaweza kufa baada ya saa chache.

Kwanza hukadiriwa eneo lililoungua. Kwa mtu mzima, kichwa na shingo huhesabiwa 9%, kila mkono 9%, kila mguu 18%, kifua pamoja na tumbo 18%, mgongo wote pamoja na matako 18%, na sehemu za siri 1%. Kwa majeraha yaliyotawanyika, kiganja cha mgonjwa mwenyewe pamoja na vidole vyake ni karibu 1%. Ngozi iliyokuwa nyekundu tu bila malengelenge haihesabiwi. Kuijumlisha ni kosa la kawaida. Mtoto mchanga ana kichwa kikubwa (karibu 18%) na miguu midogo (karibu 14% kila mmoja), kwa hiyo mgawanyo wa mtu mzima haumfai. Kwake hutumika jedwali la Lund na Browder la mwaka 1944.

Kisha huzidishwa: mililita 4 × uzito kwa kilogramu × asilimia iliyoungua. Maji yenyewe ni Ringer lakteti. Nusu hutolewa katika saa 8 za kwanza, nusu nyingine katika saa 16 zinazofuata.

Tuseme mtu wa kilo 60 ameungua kifua, tumbo na mkono mmoja: 18 + 9 = 27%. Basi 4 × 60 × 27 = mililita 6,480, na nusu yake ni 3,240. Hapa wanafunzi wengi hukosea, kwani saa 8 huhesabiwa tangu alipoungua, si tangu alipofika hospitalini. Akichelewa saa 3 njiani, zimebaki 5, hivyo anahitaji mililita 648 kwa saa badala ya 405.

Jibu hilo ni la kuanzia tu. Mgonjwa huwekewa mpira wa mkojo, na mtu mzima anatakiwa kutoa takriban mililita 0.5 kwa kila kilo kwa saa, yaani 30 kwa huyu wa mfano. Mkojo ukipungua, dripu huongezwa, ukizidi, hupunguzwa. Maji mengi mno nayo hudhuru: hujaza mapafu na kubana tumbo. Watoto huongezewa pia maji yenye sukari, kwa sababu akiba yao ya sukari ni ndogo.